Noa

Mzee Laini alipoanguka dukani kwake, katikati ya kumnyoa mtu, mteja aliondoka na shavu moja safi na jingine limejaa povu, na hakurudi kumaliziwa. Watu wa mtaa ule walipenda kuisimulia habari hiyo kwa namna hiyo, maana ina kichekesho ndani yake, na watu wakiogopa hutafuta mahali pa kuchekea. Kilichofuata hakikuwa na kichekesho. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, mkono, mguu na nusu ya uso, kikamwachia ulimi mzito uliokokota maneno kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Hospitali walimrudisha nyumbani baada ya muda, akawekwa chumba cha nyuma kwa binti yake, kitanda kikasogezwa dirishani apate mwanga. Ndevu zikaanza kuota.

Ndevu zile ziliiumiza familia kuliko mkono uliokufa. Mkono ukifa watu husema pole. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwona Mzee Laini na ndevu; jina lenyewe alilipata kwa ajili ya mashavu yake. Alikuwa akijinyoa kila asubuhi kabla ya chai, mvua isimame au inyeshe, na siku aliyomzika mkewe aliwapokea waombolezaji akiwa na uso unaong'aa, na wapo waliomsema kwa hilo mpaka wakachoka. Sasa zilitoka nyeupe, za mafungumafungu, na upande wa kulia zililowa mate kwa sababu mdomo ulikuwa umelegea. Wateja wake wa zamani waliokuja kumjulia hali walisita mlangoni, wakamtazama binti yake kana kwamba wameelekezwa chumba sicho. Mzee aliyaona hayo yote. Macho yake yalikuwa mazima.

Kaka Mkubwa ndiye aliyerithi duka, akalijaza mashine za umeme na muziki wa kupasua masikio. Alikuja siku moja na mashine yake mfukoni, akisema ni kazi ya dakika mbili, mbona watu wanafanya jambo dogo kuwa kubwa. Mzee aliposikia mlio ule karibu na sikio aliipiga kwa mkono uliobaki, ikaruka na kupasukia sakafuni. Kaka Mkubwa ni mtu wa kununa tangu utotoni. Aliokota vipande, akasema kama hataki basi akae kama beberu, akatoka, na kuanzia hapo akawa mtu wa kutuma salamu na matunda.

Kwa hiyo kazi ikabaki kwa Shoto.

Shoto alikuwa mtoto wa kati, fundi viatu, kapera aliyepitiliza, mwenye mvi zake za kwanza kichwani. Jina hilo alipewa na baba yake kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Lilianza kama utani, likaganda, na sasa hata waliomletea viatu kuwekewa soli hawakujua kama ana jingine. Yeye mwenyewe aliliitikia bila kinyongo. Kinyongo alikiweka mahali pengine.

Mzee Laini alikuwa na utaratibu wake wa kufundisha. Kijana aliyeingia dukani kujifunza kazi hakugusa uso wa mtu. Alipewa wembe wa kukunja na mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, akaambiwa neno moja tu: noa. Akinoa akaridhika, anauleta. Mzee anaujaribu kwenye malaika, vinyweleo vya mkono wake mwenyewe, anaurudisha, anasema tena: noa. Hapakuwa na somo jingine. Msimu mzima ungeweza kupita hivyo, kijana anapeleka wembe juu na chini kwenye ngozi mpaka anaota ndoto za mkanda, na wengi walikimbilia kazi zenye akili zaidi. Wale waliovumilia walikuja kuwa vinyozi wa kweli, na mpaka leo wakikutana barabarani huitana kwa neno hilo na kucheka.

Shoto alilitamani neno hilo utoto wake wote, na hakuambiwa. Alipojitia ujasiri akauchukua wembe mezani, mzee aliutoa mkononi mwake taratibu, akamweleza kwamba hakuna mteja atakayekubali kukaa akiutazama mkono wa kushoto ukimjia shingoni. Hakumwambia kwa hasira. Angemgombeza, pengine Shoto angelia siku ile na kusahau kesho yake. Alimwambia kama mtu anayekwambia duka la jirani limefungwa, kisha akampeleka kwa fundi viatu wa mtaa wa pili, na kwa upande wake habari ikaisha. Shoto alijifunza viatu, akavijua vizuri, akala kwa jasho lake. Lakini miaka yote hiyo alipopita mbele ya duka la baba yake alivuka upande wa pili wa barabara, na akiulizwa alisema upande ule una kivuli.

Dada, yule binti aliyemtunza mzee, ndiye aliyeuleta wembe. Aliukuta dukani kwenye droo, chini ya waya na vitana vilivyovunjika, mpini wake wa pembe umegeuka rangi ya chai ya maziwa, chuma chake kimeliwa kwa kunolewa mpaka kimekuwa chembamba. Akaja nao pamoja na mkanda, jiwe na brashi ya povu, akaviweka mezani, akamwambia Shoto kwamba baba ameukataa umeme na nyembe za plastiki ameziuma kwa meno, kwa hiyo hiki ndicho kilichobaki, lakini yeye asitegemewe. Kitu kile kikifunguliwa tu mwili wake wote unasisimka. Wakapatana hivi: Shoto atakuja jioni baada ya kufunga kibanda, na muda huo Dada atatoka akanunue mboga, akapumue. Aliustahili huo upepo. Alishinda na mzee kutwa, akimgeuza, akimlisha, akimsikiliza, na yeye peke yake ndiye aliyemwelewa anaposema, kama mama anavyomwelewa mtoto anayeanza kutamka. Sisi wengine tuliofika kumwona, na Shoto akiwamo, tulimsikiliza mzee kisha tukageuka kumtazama Dada. Shoto hakulijali sana hilo. Hawakuwa watu wa mazungumzo, yeye na baba yake, hata ulimi ulipokuwa mzima.

Alichokitaka alikijua. Alitaka kumnyoa baba yake kabla hajafa, kwa wembe ule, kwa mkono wake wa kushoto, na mzee amkubalie mwenyewe. Hakumwambia mtu, maana ukilisema jambo la namna hiyo kwa sauti linakuwa la kitoto.

Jioni ya kwanza aliweka maji ya moto kwenye beseni, akatandika taulo mapajani mwake, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda na kuufungua wembe. Mzee aliutazama wembe. Kisha akautazama mkono ulioushika, akaendelea kuutazama. Shoto alisubiri kuambiwa weka chini. Mdomo wa mzee ukapinda, koo likahangaika, neno likatoka.

"Noa."

Shoto aligeuka haraka akajifanya anatafuta mkanda, kwa sababu machozi yalikuwa yamemfika. Mtu mzima, fundi wa watu, analizwa na neno moja. Lakini ndilo neno lenyewe, alilolisubiri tangu hajaota hata ndevu zake, na lilikuwa limesemwa kwake yeye, kwa mkono ule ule. Aliufunga mkanda kwenye kitasa cha dirisha, mahali mzee angeweza kuona vizuri, akaanza.

Alidhani kunoa hakutamshinda kwa sababu alikuwa mtu wa visu. Fundi viatu hunoa kisu kila asubuhi, anakikandamiza kwenye jiwe mpaka kinalia. Wembe hautaki hivyo. Unataka kulazwa, mgongo utangulie na makali yafuate nyuma, na ukifika mwisho wa mkanda unaugeuza kwa mgongo wake, siyo kwa makali. Hayo aliyajua kwa macho, kwa kuchungulia zamani. Mkono haukuyajua. Mara ya kwanza aligeuza vibaya akauchana mkanda, na mzee akatoa mguno mdogo kitandani. Akapunguza nguvu. Akanoa mpaka Dada akarudi na kapu lake, akaufunga wembe, akamuaga baba yake kwa heshima, akatembea kurudi kwake akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo.

Jioni ya pili aliufungua tena wembe mbele ya mzee, na mzee akasema tena noa. Shoto hakushangaa. Alijua msimu ulivyo mrefu.

Baadaye aliona kunoa peke yake hakutamfikisha, maana siku ya siku ikija atakuwa na wembe mkali na mkono mjinga. Akaamua kujifunzia usoni mwake mwenyewe, pale pale, mzee akimwangalia. Alining'iniza kioo kidogo dirishani, akalainisha ndevu kwa taulo la moto, akapaka povu kwa brashi kwa kuzungusha, akauinua wembe hadi chini ya sikio. Hapo akakwama. Ni jambo moja kukata soli, soli haina koo. Alisimama ameinua mkono mpaka povu likaanza kukauka na kumwasha, na kwenye kioo alimwona nyuma yake mzee anamtazama bila kupepesa. Akaivuta ngozi ya shavu kwa vidole vya mkono wa kulia, akaulaza wembe karibu na ngozi, mgongo umeinuka kidogo tu, akaushusha.

Ulilia sauti ndogo ya kukwaruza, kama kipande cha mkate kinachokwanguliwa mahali kilipoungua. Nyuma yake ikabaki njia safi. Shoto akashusha pumzi, akarudia. Shavu la kushoto lilikwenda vizuri. Shavu la kulia lilimchanganya, maana mkono ulipita mbele ya uso ukamzibia kioo. Kwenye kidevu aliuacha wembe uteleze kwa upande kidogo mno, na hakusikia hata maumivu, aliona tu povu linageuka rangi. Damu ya kidevu haina adabu. Ilimtoka mpaka kwenye kola ya shati, akaibana kwa pamba, akawa anacheka peke yake kwa aibu. Alipogeuka kumtazama baba yake, mzee alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, kitu ambacho kilimgharimu nguvu nyingi.

"Noa," akasema.

Shoto aliona haya. Kwa hiyo bado. Umejikata kwa sababu chuma hakijawa tayari. Akaufunga tena mkanda na kunoa huku pamba imemganda kidevuni.

Zikapita jioni nyingi za namna hiyo. Kibandani wenzake walianza kumtania. Mwanzoni walimwuliza kama anaishi na paka, kwa alama zile usoni. Halafu alama zikapungua, zikaisha, na Shoto akawa anakuja kazini na mashavu ya bwana harusi, na jirani yake aliyeshona mabegi akamwambia fundi, niambie ukweli, wewe unaoa. Shoto akajibu kwamba haoi, ananoa, na wote wakacheka mpaka wateja wakageuka. Ulikuwa utani wa mwaka ule pale kibandani. Naye aliufurahia, maana hakuwa na zoea la kuwa na siri nzuri.

Nyumbani kwa Dada, chumba cha nyuma, mambo hayakuwa ya utani. Kadiri uso wa Shoto ulivyokuwa laini ndivyo mzee alivyozidi kuwa mkali. Lile neno alilisema kwa nguvu, akilisukuma nje, wakati mwingine mara mbili au tatu kwa mfululizo, na akiona Shoto anaushika mkanda alipiga godoro kwa ngumi ya kushoto. Shoto alijiambia ndivyo alivyokuwa hata dukani, haridhiki upesi. Aliujaribu wembe kwenye malaika ya mkono wake, ukayafyeka kabla hata haujagusa ngozi. Bado mzee alisema noa. Alipeleka wembe kwenye jiwe, akaurudisha kwenye mkanda, akatumia ngozi laini zaidi kutoka kwenye kazi yake mwenyewe, ngozi aliyoiweka kwa viatu vya mteja mkubwa. Bado. Hapo moyo wake ukaanza kuchoka, na chuki ya zamani ikainua kichwa. Alifikiri: huyu hata akiwa nusu maiti hatanipa.

Jioni moja mzee aliuinua mkono wake mzima, akajishika ndevu, akazivuta, akasema neno lile huku akimkazia macho. Shoto akadhani zinamwasha. Akachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akamfuta vizuri mashavu yote mawili na pembe ya mdomo, akamwambia asiwe na wasiwasi, bado kidogo, siku atakayoridhika na wembe atamwambia. Kisha akajipaka povu, akajinyoa mbele yake kwa mikono iliyotulia, uso mzima, bila tone la damu, akiwa na fahari ya kumwonyesha. Alipogeuka mzee alikuwa analia. Machozi yalishuka yakapotelea kwenye ndevu.

Hospitali walikuwa wamewaambia mapema kwamba wagonjwa wa aina hii hulia ovyo, bila sababu, na wasishtuke. Shoto akakumbuka hayo, akamfuta na machozi pia.

Baada ya hapo mzee akaacha kusema. Shoto aliufungua wembe, akasubiri, na mzee akageuzia uso ukutani. Kesho yake vivyo hivyo. Hakuna noa. Shoto alitembea kwenda kwake na jambo hilo kichwani, akiligeuza huku na huku, na njiani likamfungukia, akasimama katikati ya watu. Haambiwi tena noa. Maana yake wembe umekubaliwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata dukani, mzee hakuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba sasa umeweza. Aliacha tu kumrudisha, na kijana akajua mwenyewe kwamba kesho atapewa uso. Shoto alifurahi mpaka akashindwa kula. Alinunua taulo jipya na sabuni nzuri. Akamtumia Dada ujumbe kwamba kesho atafunga kibanda mapema, aje kukiwa bado na mwanga mzuri.

Mchana wa kesho yake alipokuwa anapigilia kisigino, Dada alipiga simu. Mzee alikuwa amepigwa tena na kiharusi.

Safari hii hawakumpeleka popote. Daktari alikuja, akamwangalia, akasema kwa sauti ya chini mambo ambayo kila mtu alikwisha kuyajua, akaenda zake. Shoto alipofika alimkuta mzee amelala chali, macho wazi, pande zote mbili za uso sasa zimelingana. Alipomshika mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima, ulikuwa mzito na hauna mwenyewe. Macho yalimpita Shoto yakaenda dirishani, yakarudi, yakampita tena.

Alikaa kitini na taulo jipya mapajani, bado limekunjwa. Dada alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda, amejikumbatia. Kisha Dada akauliza, bila kumtazama, kwa sauti ya mtu aliyejizuia siku nyingi.

"Kwa nini hukumnyoa?"

Shoto akamwambia alikuwa anangoja ruhusa. Kila akifungua wembe anaambiwa noa, na yeye ananoa, ndivyo alivyokuwa akifundisha. Leo ndiyo ingekuwa siku.

Dada akamgeukia polepole.

"Noa? Shoto, baba hawezi kutamka nya. Tangu siku ile ya kwanza. Nyumba anasema numba. Nyama anasema nama. Alikuwa anakwambia nyoa."

Shoto hakuelewa mara moja, au alielewa na akili ikagoma. Aliangalia wembe uliokuwa mezani. Aliziona jioni zote zile zinarudi kwake moja moja, lakini sasa kutokea kitandani: mtu anaomba anyolewe, na mwanawe anaitikia kwa kunoa, anaomba tena, na mwanawe anajipaka povu na kujinyoa yeye mwenyewe mbele yake, uso mzima, taratibu, akijipendezesha kwenye kioo, baba anajishika ndevu zake na kuonyesha, na mwanawe anamfuta kwa kitambaa na kumwambia bado kidogo. Kisha mwanawe anaaga kwa heshima na kwenda zake.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema.

"Ningekwambia nini? Nilijua unasikia. Kila nikirudi nakuta wewe unang'aa na yeye yuko vile vile. Nikadhani unamlipizia." Dada alijifuta uso kwa kiganja. "Nikasema hayo ni yenu, baba na mwana, nisiyaingilie. Na yeye alidhani hivyo hivyo. Juzi nilimwuliza, baba, Shoto anakunyima? Nilitaka nimsemee mwenyewe kwako. Akanikataza."

"Alisema nini?"

"Alisema, haki yake. Hilo alilitamka vizuri kabisa."

Shoto aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa taulo. Alilia, na hakujifanya anatafuta kitu. Miaka yote alidhani baba yake hakulikumbuka lile la wembe na mkono, kwamba lilikuwa dogo kwake na alilisahau kabla ya chakula cha mchana. Kumbe alilikumbuka. Alilala pale jioni baada ya jioni, akiwa na ndevu alizozionea haya, akaamini kwamba analipwa, akaona malipo ni ya haki. Shoto angeweza kuvumilia kunyimwa. Hili la kukubaliwa namna hii hakujua aliweke wapi.

Baadaye alinawa uso, akaenda jikoni kuchemsha maji. Dada hakutoka safari hii. Alipanda kitandani, akakiweka kichwa cha mzee kifuani pake na kukishika kwa mikono miwili, macho ameyafumba kwa ajili ya ule wembe. Shoto aliyalainisha mashavu kwa taulo la moto, mara mbili, maana ndevu zilikuwa zimekomaa. Kwanza alizipunguza kwa mkasi wake wa kazi. Akapaka povu kwa kuzungusha. Akaivuta ngozi, ambayo ilivutika tu bila kujibu, akaanza chini ya sikio.

Wembe haukulia kabisa. Ulikuwa umenolewa kupita wembe wowote uliowahi kuingia kwenye mtaa ule, na ndevu zilianguka zenyewe. Mkono wa kushoto haukutetemeka. Alikwenda shavu moja, akaenda jingine, akazunguka kidevu mahali palipomshinda zamani usoni mwake mwenyewe, akapita juu ya mdomo kwa ncha, akakiinua kidevu na kushuka kooni kwa mapigo mafupi, akisikia kwa vidole jinsi mzee alivyokuwa akivuta pumzi. Hakumkata popote. Uso wa Mzee Laini ukatoka kidogo kidogo kwenye povu, mwembamba kuliko walivyoukumbuka, na Dada alipofumbua macho akautazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu sasa ndiye baba.

Shoto alimfuta, akainama hadi sikioni.

"Baba, ni mimi, Shoto. Nilisikia noa. Ulisema nyoa, mimi nikasikia noa."

Macho ya mzee yakaja usoni kwake. Yakatulia hapo, yakashuka mpaka kwenye mkono ulioshika wembe, yakapanda tena, bila hasira na bila kumjua, kama mteja anavyomtazama kinyozi asiye wa kwake, akingoja aambiwe kama kazi imekwisha. Kisha yakafumba. Shoto akarudia kusema, polepole, akitenganisha maneno yale mawili vizuri asije akakosea tena. Dada akamwambia basi, mwache apumzike. Shoto akarudia mara ya tatu, kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio ya mzee.